Kisima Karibu na Dampo: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kulinda Maji ya Nyumbani Arusha

Kuchemsha maji ndiyo kinga tuliyokua nayo. Kipindupindu kikitajwa tu, gari la matangazo linapita mtaani: chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni, funikeni vyakula. Ushauri huo ni sahihi na usiuache. Lakini kwa familia inayokunywa maji ya kisima kilicho jirani na dampo, moto unamaliza upande mmoja tu wa tatizo, na upande wa pili unauongeza. Bakteria hufa. Nitrati, ile chumvi itokayo kwenye kinyesi na mbolea, haifi, wala metali nzito kama risasi na kadimi. Maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe zinabaki sufuriani zikiwa zimekolea.

Chukua nitrati, ambayo kikomo chake kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Tuseme kisima chako kina 45, yaani kimefaulu. Unabandika lita 10 jikoni, unaziacha zitokote huku ukishughulika na mengine, unarudi unakuta zimebaki 8. Nitrati yote iliyokuwa kwenye lita 10 sasa iko kwenye 8: miligramu 56 kwa lita. Maji yaliyokuwa ndani ya kiwango yamevuka kiwango kwa sababu ya kuyasafisha.

Mwongozo huu ni wa watu wa Muriet, Kwa Mrombo, Terrat na mitaa mingine ya kusini mwa Jiji la Arusha, na wa yeyote mwenye kisima karibu na mahali taka zinapomwagwa au zilipowahi kumwagwa, kwa kibali au kienyeji. Wa Moshi, hasa upande wa Kaloleni, mnaweza kutumia hatua hizi hizi. Panapotajwa Mlima Meru, ninyi wekeni Kilimanjaro. Sisemi kisima chako kina sumu. Nasema hutalijua hilo kwa kuonja.

Kwanza, maji ya taka yanafikaje kisimani

Mvua ikinyesha juu ya lundo la taka, maji hupenya katikati ya maganda ya ndizi, mabaki ya nyama, pampasi, betri za tochi, makopo ya rangi, chupa za dawa za mifugo na majivu. Yanatoka chini yakiwa meusi au kahawia, mazito kidogo, yenye harufu ya kuchoma pua. Ndani yake mna amonia nyingi, chumvi nyingi, chuma, manganizi, na kwa kiasi kidogo metali nzito kama risasi, kadimi na kromiamu. Mna pia vijidudu vya kinyesi, maana pampasi na mabaki ya chooni yanaishia hukohuko.

Dampo la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa na plastiki nene chini, likawekewa mabomba ya kukusanya hayo majimaji na bwawa la kuyatibu. Muriet, ambako jiji linapeleka taka zake, ni dampo la aina hiyo. Dampo la kienyeji halina lolote kati ya hayo: ni shimo na taka. Na hata la kisasa hutegemea matunzo, kwani plastiki huweza kutoboka na bwawa huweza kufurika masika. Kitu cha kukumbuka ni kwamba dampo likifungwa leo, majimaji yake yanaendelea kutoka kwa miaka mingi, hata miongo.

Ardhi yetu nayo ina tabia yake. Arusha imekaa juu ya mawe ya volkano: tabaka za majivu yaliyogandamana, tabaka za lava iliyopasuka. Mahali penye majivu laini maji hupenya polepole na kuchujwa kidogo. Mahali penye lava yenye nyufa, maji yanakimbia kama yamepewa barabara, hayachujwi. Ndiyo maana majirani wawili waliochimba mita 40 kila mmoja wanaweza kuwa na maji yasiyofanana kabisa.

Hatua ya 1: Jua umekaa upande gani

Maji ya ardhini kwa kawaida hufuata mteremko. Kwetu, Meru iko kaskazini na ardhi inashuka kuelekea kusini, kwa hiyo mara nyingi maji yaliyo chini ya miguu yako yanatoka huko juu. Simama kisimani, tazama dampo. Kama dampo liko juu yako kimteremko, uko kwenye njia ya majimaji. Kama liko chini yako, hatari ni ndogo zaidi, ingawa pampu kubwa inayovuta mchana kutwa huweza kugeuza mkondo na kuyavuta maji kutoka upande usioutegemea.

Umbali gani ni salama? Hakuna namba moja. Majimaji ya dampo huweza kusafiri mamia ya mita, na kwenye mwamba wenye nyufa hata zaidi ya kilomita. Binafsi, kisima kilicho chini ya mteremko wa dampo ndani ya kilomita moja nakihesabu kuwa cha kupimwa, bila mjadala.

Dampo linalonitia wasiwasi kuliko la jiji ni lile lisilo na kibao. Mji huu umechimbwa moramu na mawe kwa miaka mingi, na mashimo mengi baadaye yamejazwa taka, yakafukiwa, yakauzwa viwanja. Hati haitakuambia. Atakuambia mtu mzima wa mtaa, ukimwendea kwa adabu:

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Babu, pale penye nyumba mpya, zamani palikuwa na nini?”

“Pale? Shimo la moramu. Walipomaliza barabara yao wakaliacha, watu wakaanza kumwaga uchafu. Ilipita miaka ndipo wakaja kufukia.”

Majibu ya namna hiyo yaandike pamoja na mwaka kama anaukumbuka, na uchore ramani kwa mkono: kisima, vyoo vyote vinavyokizunguka, dampo la sasa, mashimo ya zamani, mto au korongo, na mshale wa mteremko. Karatasi hiyo utaihitaji maabara na utaihitaji ofisini.

Hatua ya 2: Tenga maji leo, usingoje majibu

Majibu ya maabara huchukua muda. Wakati unasubiri, kisima kiendelee kufua, kudeki na kumwagilia maua. Maji ya kunywa, kupikia na kupigia mswaki yatoke kwingine. Bomba la AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, ni chaguo la kwanza kama linafika mtaani kwako, hata likitoka kwa mgao. Ukinunua kwenye madumu, muulize muuzaji aliyateka wapi, maana dumu la njano halina jina la chanzo, na wapo wanaouza maji ya kisima cha jirani yako kwa bei ya maji ya bomba.

Anza na wadogo. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima ndiye aliye kwenye hatari kubwa na ya haraka kuliko wote nyumbani. Nitrati ikiingia tumboni mwake hugeuka nitriti, na nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mtoto anakuwa mnyonge, anapumua kwa shida, midomo na kucha zinageuka rangi ya bluu au kijivu. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi usitazame mashavu. Tazama ulimi, ufizi na ndani ya mdomo. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari kwa maneno ya wazi: “Tunatumia maji ya kisima, tuko karibu na dampo.” Tiba ipo, lakini daktari asiyeambiwa habari ya maji ataanza na moyo na mapafu.

Mama anayenyonyesha hana haja ya kuacha. Nitrati haipiti kwenye maziwa yake kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Kunyonyesha bila kuchanganya na kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza ni kinga kubwa kuliko chujio lolote linalouzwa mjini.

Baada ya wachanga, wajawazito, kisha watoto wa chini ya miaka 6 kwa sababu ya risasi. Risasi huathiri ubongo unaokua: mtoto anachelewa kushika masomo, anakosa utulivu, anapungukiwa damu. Haina kiwango mwilini ambacho wataalamu wanakiita salama. Kadimi hukaa kwenye figo kwa miaka mingi na kuziharibu taratibu. Aseniki, pale ilipo, huleta mabadiliko ya ngozi na saratani baada ya miaka mingi ya kunywa. Haya hayaji na homa wala kuhara, ndiyo maana mtu anaweza kukuambia amekunywa maji hayo miaka 15 na hana tatizo.

Hatua ya 3: Kagua kisima chenyewe

Kabla ya kulaumu dampo, angalia choo. Kwenye mitaa yetu iliyobanana, shimo la choo la jirani mara nyingi liko karibu zaidi na kisima kuliko taka yoyote, nalo linatoa nitrati na vijidudu kwa wingi. Kanuni ya kawaida ni choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe chini ya mteremko; kwenye mwamba wenye nyufa hata hizo hazitoshi. Pima kwa futi ya fundi, usikisie.

Angalia pia kama mdomo wa kisima umeinuliwa na kujengewa zege, kama mfuniko unaziba, kama maji ya mvua yanatuama pembeni, na kama kamba na ndoo vinalala chini kwenye matope. Kwa kisima kirefu cha mashine, mwulize aliyekichimba kama nafasi kati ya bomba na udongo ilizibwa kwa saruji sehemu ya juu. Wengi huliruka hilo kupunguza gharama, na maji ya juu yanapata njia ya kuteremkia mpaka chini.

Na jambo la kufa na kupona: mtu yeyote asiingie ndani ya kisima kilicho karibu na dampo kukisafisha au kufuata ndoo. Taka zinazooza hutoa methani na kabonidayoksaidi, na gesi hizo hupita ardhini zikajikusanya kisimani. Mtu anazimia akiwa nusu ya ngazi, anayemfuata kumwokoa naye anabaki hukohuko. Ile desturi ya kushusha mshumaa kuona kama hewa ipo ndiyo mbaya zaidi hapa, kwani methani hulipuka.

Hatua ya 4: Pima kwa ngazi, usianze na kipimo cha bei kubwa

Maabara hutoza kwa kila kipimo. Mtu akienda na kusema “nipimieni kila kitu” atatajiwa bei itakayomrudisha nyumbani. Nenda kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni upitishaji umeme wa maji, kloraidi, nitrati, amonia na bakteria aina ya *E. coli*. Vitatu vya mwanzo ni vya gharama ndogo, na kwa pamoja vinatoa picha. Majimaji ya dampo hubeba chumvi nyingi, kwa hiyo upitishaji umeme na kloraidi hupanda mapema, kabla metali hazijafika. Amonia ikiwepo kwa wingi pamoja na kloraidi, chuma na manganizi, elekeza jicho dampo. Nitrati nyingi pamoja na *E. coli*, bila amonia ya kutisha, shuku choo au zizi kwanza. Kama umepakana na mashamba yanayotumia mbolea nyingi ya chumvichumvi, nitrati peke yake huweza kutoka huko.

Ngazi ya pili, kama ya kwanza imeonyesha dalili au kama uko chini kabisa ya dampo: risasi, kadimi, kromiamu, aseniki, manganizi.

Floraidi ipime kwa vyovyote vile, ingawa dampo halihusiki. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia Arusha na Meru ni kazi ya floraidi inayotoka kwenye mawe ya volkano, nayo ikizidi sana kwa miaka mingi hukakamaza viungo na kupinda mifupa ya watoto. Nimesikia watu wakionyesha meno ya mtoto kama ushahidi dhidi ya dampo. Hoja hiyo inaanguka dakika ya kwanza mbele ya mtaalamu, na inaangusha pamoja nayo malalamiko yaliyokuwa ya kweli.

Ile kalamu ndogo ya kupimia chumvi za maji inayouzwa mtandaoni inafaa kwa kulinganisha tu. Pima visima vitano vya mtaa siku moja. Kimoja kikitoa namba mara tatu ya vingine, hicho ndicho cha kupeleka maabara. Haioni risasi wala bakteria. Na ukimwona mchuuzi wa mashine anachovya nondo mbili zenye umeme kwenye glasi yako, maji yanageuka meusi na ukoko unaelea, mwache aende zake. Weusi ule ni chuma cha nondo zake kinachomomonyoka; angefanya hivyo hata kwa maji mazuri ya chemchemi yangechafuka vilevile.

Hatua ya 5: Chukua sampuli kama inavyotakiwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sampuli ikichukuliwa vibaya, majibu ni ya chupa, si ya kisima.

Nenda maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo mkoani kabla ya kuchota chochote. Waombe chupa zao. Ya bakteria huwa imechemshwa na kufungwa; ya metali hutiwa tindikali kidogo ili metali zisigande kwenye kuta. Usisuuze chupa hizo. Usitumie chupa ya soda wala ya konyagi hata ukiisugua kwa mchanga. Kama huna namna kwa vipimo vya chumvi na nitrati, chupa mpya ya maji ya dukani, uliyoimwaga na kuisuuza mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, inavumilika.

Asubuhi ya kuchota, kama ni kisima cha pampu, washa na uache maji yaende dakika 5 hadi 10 ili yaliyolala kwenye bomba yatoke. Chota kwenye bomba la kisimani, si kwenye simtanki. Ukichota kwenye simtanki umepima uchafu wa simtanki. Futa mdomo wa bomba, uunguze kwa pamba yenye spiriti, acha maji yapite kidogo, kisha fungua chupa ya bakteria. Kifuniko kishike mkononi kikiangalia chini, usikiweke popote, usiguse mdomo wa chupa, usipulizie, usiongee juu yake. Jaza, acha nafasi ndogo juu, funga.

Kwa kisima cha ndoo, funga jiwe lililosafishwa chini ya chupa, shusha kwa kamba safi bila kugusa kuta, ipite chini ya uso wa maji, pandisha.

Andika kwenye chupa jina la kisima, tarehe na saa. Weka kwenye boksi la barafu. Muuza aiskrimu wa mtaani anaweza kukuazima. Sampuli ya bakteria ifike maabara ndani ya saa 6, na isizidi 24. Kwa sababu hiyo usichote Ijumaa jioni.

Rudia kipimo mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, maji yakiwa chini, na masika, Aprili au Mei, mvua ikiwa imeshaosha lundo. Kisima kinachofaulu Septemba huweza kufeli Mei.

Hatua ya 6: Soma majibu mwenyewe

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya kuweka kando ya karatasi yako, vyote kwa miligramu kwa lita:

- Nitrati 50
- Floraidi 1.5
- Risasi 0.01
- Aseniki 0.01
- Kadimi 0.003
- Kromiamu 0.05
- *E. coli*: isionekane hata moja katika mililita 100

Kloraidi ikipita 250 maji huanza kuonja chumvi. Hilo ni suala la ladha kuliko sumu, ila kwetu ni kengele. Chuma kikipita 0.3 huacha madoa ya kutu kwenye nguo nyeupe.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa nitrati. Maabara nyingine huandika NO3, nyingine huandika NO3-N, yaani naitrojeni peke yake. Namba 12 chini ya NO3 ni nzuri kabisa. Namba 12 chini ya NO3-N imeshavuka kikomo, kwani kwa kipimo hicho kikomo ni kama 11. Ukiona N imeongezwa mwishoni, zidisha kwa 4.4 ndipo ulinganishe na 50.

Wa pili ni alama ya “chini ya”. Karatasi inasema risasi ni <0.05, na mtu anashangilia. Maana yake ni kwamba mashine iliyotumika haioni chochote kilicho chini ya 0.05, wakati kikomo ni 0.01. Maji yako yanaweza kuwa na risasi mara nne ya kikomo na karatasi ikasomeka vivyo hivyo. Uliza kabla ya kulipa: “Mashine yenu inaona risasi kuanzia ngapi?” Ni swali la kawaida, hawatakasirika.

Hatua ya 7: Tibu kilichopatikana, si kingine

Bakteria tu: chemsha mpaka maji yatokote kweli, au tumia dawa ya klorini ya majumbani kwa kipimo kilichoandikwa, au chujio la mfinyanzi. Ukishachemsha, epua, hakuna faida ya kuyaacha yaungurume nusu saa. Fahamu pia kwamba maji yenye amonia nyingi hula klorini, kwa hiyo kipimo cha kawaida huweza kisitoshe.

Floraidi: mkaa wa mifupa. Hii ni teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huku Meru, kimeifanyia kazi kwa muda mrefu: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto maalumu, inasagwa chenga, maji yanapitishwa humo. Mkaa huo hushika floraidi na baadhi ya metali pia. Unachoka, na ukichoka hauonyeshi kwa macho, kwa hiyo lazima upimwe na kubadilishwa. Usijaribu kujichomea mwenyewe; mifupa iliyochomwa vibaya huyapa maji harufu ambayo hakuna mgeni atakayemaliza glasi. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru nayo ndiyo chimbuko la chujio la dokta Askwar Hilonga lililoshinda tuzo ya Afrika ya uhandisi ya chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza mwaka 2015. Ukinunua chujio lolote, hata la kwetu, omba karatasi ya maabara inayoonyesha linaondoa nini, kisha linganisha na kilichopo kwenye maji yako.

Nitrati: mkaa hauiondoi, wa mifupa wala wa miti. Mfinyanzi hauiondoi. Klorini haigusi. Kinachoiondoa ni mashine za RO, zinazosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba, na zile za kubadilishana ioni. RO inaondoa pia metali nyingi na floraidi, ila inahitaji umeme, inamwaga sehemu ya maji, na utando wake lazima ubadilishwe. Kwa nyumba moja ni ghali. Kwa msikiti, kanisa, shule au kikundi cha kina mama kinachouza maji kwa dumu, hesabu inaweza kukaa.

Metali nzito: kwa maoni yangu, tafuta chanzo kingine. Kuchuja risasi nyumbani kila siku, kwa miaka, bila kusahau kubadilisha chujio, ni kazi ambayo familia chache huimudu.

Chanzo kingine cha karibu ni paa lako. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Toa zinazorukia nje na kuloweka vumbi, bakiza kama 800. Mvua chache za masika zinajaza simtanki kubwa. Lakini karibu na dampo kuna jambo la ziada: moshi. Taka zikichomwa, masizi yenye metali hutua kwenye mabati. Acha maji ya dakika 10 za kwanza za kila mvua yaende chini, kwa bomba la pembeni unalolifunga baadaye, na baada ya ukame mrefu acha mvua nzima ya kwanza ipite.

Bustani nayo isisahaulike. Mchicha, chainizi na sukuma wiki hunyonya kadimi na kushika risasi kwenye majani. Usimwagilie kwa maji yanayotiririka kutoka upande wa dampo, na usinunue ule udongo mweusi wa dampo unaouzwa kama mboji. Mahindi yanastawi kwelikweli juu yake. Betri zilizooza humo hazionekani kwenye gunzi.

Hatua ya 8: Peleka suala ofisini likiwa na karatasi

Nenda na majirani wenye visima, si peke yako, na kila mmoja awe na majibu yake. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata. Barua yao ya utambulisho inafungua milango inayofuata. Mambo yanayohusu uendeshaji wa dampo yapelekeni halmashauri ya jiji, nakala NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kanda ya kaskazini. Yanayohusu maji ya ardhini yenyewe ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi na inasimamia maji yetu pamoja na ya Kilimanjaro. Yanayohusu kuvutiwa bomba ni ya AUWSA, na mara nyingi hili ndilo ombi linaloweza kujibiwa mapema kuliko yote.

Barua iwe ukurasa mmoja. Tajeni kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kisha ombeni vitu vinavyoweza kutolewa: majibu ya vipimo vya visima vya ufuatiliaji vilivyo kandokando ya dampo kama vipo, kupimwa kwa visima vya wananchi vilivyo chini ya mteremko, na tarehe ya kupewa mrejesho. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa msingi wa kuomba hayo majibu. Msiandike “tunakufa”, andikeni namba: kisima, umbali, tarehe, nitrati ngapi, risasi ngapi. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka ofisini.

Hatua ya 9: Kisima ulichokiacha kifunge vizuri

Ukipata bomba au ukahamia kwenye maji ya mvua, kisima cha zamani usikigeuze shimo la taka wala choo. Hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kupeleka uchafu kwenye mwamba ambao jirani wa chini bado anaunywa. Kabla ya kukifukia, wasiliana na Bodi ya Bonde, hasa kama kilikuwa na kibali. Kisima kifupi hujazwa kokoto safi sehemu ya maji, juu yake udongo wa mfinyanzi unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na mita ya mwisho hufungwa kwa zege. Kirefu cha mashine huzibwa kwa uji wa saruji unaoshushwa kwa bomba kuanzia chini kwenda juu, na hiyo ni kazi ya wachimbaji wenye leseni. Kama unataka kukiacha wazi kwa ajili ya kupima kila masika, kifunike kwa chuma chenye kufuli, na ufunguo usikae mahali watoto wanapoweza kuufikia.